Wauza deki za DVD Dodoma, muda huu mnatuuzia maboksi, si mashine!

Wakuu, hili jambo ninalo rohoni tangu Jumamosi na hasira haijashuka, kwa hiyo naliandika lilivyo.

Mama yangu anaishi Mvumi. Ana diski zake kumi na kitu anazitunza kwenye mfuko wa kitenge: kwaya za kanisani, sendofu ya dada yetu, na mazishi ya baba ya mwaka 2011. Mambo ya bando hana na hayataki. Yeye anataka aweke diski, abonyeze, aone. Deki yake ya zamani iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi na nguvu, nikamwambia mama tulia, nitakuletea nyingine. Kwa hiyo wale wa "mwaka huu bado mtu ananunua deki?" naomba mtulie. Zipo nyumba nyingi tu ambazo sura ya marehemu wao iko kwenye diski na si kwingine.

Nikaenda mjini, maduka ya vifaa vya umeme upande wa soko la Majengo. Nilimweleza muuzaji kwa kinywa changu, mke wangu akiwa pembeni anasikia: nataka deki inayosoma diski za kuchoma, zile anazotoa mpiga video wa harusi, siyo za kiwandani peke yake. Na isome flashi, maana mdogo wangu humrekodia mama ibada kwa simu. Akanijibu, "Kaka, hii inasoma kila kitu, hata ukiweka sahani inapiga."

Akaweka diski yake mwenyewe ya muziki, ikapiga vizuri. Nikatoa ya mama tuijaribu. Akakataa! Eti diski za wateja zinaharibu lenzi. Hapo ndipo nilipaswa kugeuza na kuondoka, lakini nilikuwa nawahi gari la Mvumi. Nikalipa 85,000. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hakuna, eti mashine haina mtandao, akaniandikia kwenye kikaratasi na kukigonga muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Tumefika, tumechomeka, mama amekaa kwenye mkeka na mfuko wake mapajani. Diski ya kwanza kuitoa ni ya mazishi ya baba. Kisahani kikaingia, ikakwaruza mara tatu kama mtu anayesafisha koo, kimya, skrini ya bluu, "NO DISC". Mama akaitoa, akaifuta kwa pindo la khanga taratibu, akaiweka tena. Ikakwaruza, kimya. Akasema, "Labda nimeishika vibaya mimi." Wakuu, mama anajilaumu yeye kwa sababu ya lenzi mbovu ya mtu aliyekula hela yangu! Tukaipeleka diski hiyo hiyo kwa jirani mwenye deki kuukuu lisilo hata na kifuniko, ikacheza mwanzo mpaka mwisho. Tatizo siyo diski.

Flashi nayo ni hivyo hivyo. Majina ya mafaili inayaonyesha, ukibonyeza inagoma. Kwenye boksi wameandika MP4 kwa herufi kubwa. Lakini MP4 ni mfuko tu, jambo ni kilichomo ndani. Simu nyingi zinarekodi kwa H.264, yaani namna ya kubana video, na hizi deki za bei rahisi nyingi zinafungua zile video za kizamani za AVI basi. Muuzaji anayeshinda nazo kutwa anajua hilo, na kama hajui basi asiape.

Nilipoanza kulisoma boksi kwa makini ndiyo damu ikachemka kabisa. Limeandikwa 1080p, yaani picha ya mistari 1080. DVD ya mfumo wetu wa TV, PAL, ina mistari 576 tu. Kuna deki zinazoikuza picha ifike 1080 kupitia tundu la HDMI, hilo ni kweli. Sasa hii ukiigeuza nyuma ina matundu matatu tu: la njano la picha, jeupe na jekundu ya sauti. Hiyo 1080 inapita wapi, kwenye waya wa njano? Haiwezekani. Wameandika pia 5.1, yaani njia sita za sauti. Hapo nyuma sauti ina matundu mawili, kushoto na kulia, na la sauti ya dijitali hakuna. Huu siyo ubovu wa bahati mbaya, ni uongo uliochapwa kwa rangi na kubandikwa stika ya dhahabu.

Jumatatu nikarudi dukani. Hakuigusa hata. "Kaka, soma risiti." Halafu akanielekeza kwa fundi wa nje, eti elfu kumi na tano atanibadilishia lenzi. Kitu cha siku mbili!

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ipo: ukimwambia muuzaji kitu unakitakia kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Mimi nilimwambia, shahidi ninaye. Na muhuri nilioonyeshwa pesa ikiwa imeshaingia mfukoni mwake sikuukubali mimi. Tume ya Ushindani, wanaolinda walaji, nitakwenda, na TRA pia watajua habari ya ile mashine isiyo na mtandao, maana kutoa risiti halali siyo hisani ya mwenye duka.

Kama kuna mdau anajua duka hapa Dodoma wanaokuruhusu kujaribu kwa diski yako na flashi yako kabla hujatoa hela, anitajie kabla ya Ijumaa. Jumamosi naenda tena Mvumi na sitaki kuingia kwa mama mikono mitupu.