Ome (omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) ilizima moto wa kiungulia lakini bugali inakaa tumboni kama jiwe, ni kawaida?

mama_sambaza (Birere)
Jambo kwenu wote. Iko mwezi wa tatu nakunywa omeprazoli ya miligramu 20 ju ya kiungulia na kweli moto wa kifuani uliisha, usiku nalala. Sasa shida mpya, nikila bugali na sombe (majani ya muhogo) saa saba, mpaka saa moja ya usiku nasikia ingali pale juu, tumbo imejaa upepo, nabeua sombe ile ile. Wa farmasi anasema niongeze ikuwe mbili kwa siku. Ni dawa ama nazeeka?

kijana_wa_ndosho
Mama punguza mawese kwa sombe, dawa unaisingizia tu 😂

nesi_mstaafu
We kijana, mama ana haki. Tumbo inasaga chakula kwa misuli, asidi na pepsini (kimeng'enya kinachovunja protini), na mlango wa chini unangoja vipande vikuwe vidogo kabisa, milimita 2 hivi, ndipo unavipitisha. Ome inafunga pampu za asidi, na pepsini bila asidi inalegea, basi chakula kigumu, zaidi nyama, kinaweza kuchelewa kusagika, mlango nao unangoja. Si kila mtu inamfanya hivyo. Angalia siku ya supu tupu, unajaa vilevile? Na unakunywa saa ngapi? Inatakiwa nusu saa mbele ya chakula cha asubuhi.

mama_sambaza
Eee, supu inapita bila neno! Mimi nakunywa usiku nikisha kula. Basi leo naiacha.

nesi_mstaafu
Hapana mama, usikate ghafla! Miezi yote hii mwili umekuwa ukipandisha gastrini, ile homoni inayoita asidi, ukiacha ghafla moto unaweza kurudi kuliko mwanzo halafu unaamini huwezi kuishi bila ome. Dokta akupunguzie polepole, na umuombe kipimo cha elikobakteri (bakteria ya tumboni inayoleta vidonda). Wala usiongeze mbili ju ya kujaa. Ukiona choo cheusi, kutapika ao unakonda, usingoje hata kesho. Kingine, watu hawakisemi: asidi ndiyo inauaga vijidudu vya kolera mlangoni. Anayekunywa ome akinywa maji ya ziwa hivihivi, ulinzi huo umepungua.

wa_kadutu
Huku Bukavu mimi niko na ile dawa nyeupe ya chupa ya kutuliza asidi. Ya aluminiamu ilinifunga choo siku nne, dada yangu akanipa ya magnesiamu, nikakimbia usiku kucha lol. Soma karatasi ya ndani kwanza.

mama_sambaza
Asante muzee. Maji ya bidoni nilikuwa nakunywa bila kuchemsha, sasa sufuria iko kwa moto wa makala. Kesho asubuhi dokta.

kijana_wa_ndosho
Pole mama, nimecheka vibaya. Samaki ya sambaza ya leo ingali? Nakuja.