Tupeane uzoefu: Kwenye ukoo wenu, nani alifika uzeeni na nani hakufika?

Nyota_Njema: Juzi tumemzika baba mdogo, miaka 88. Baba yangu, pacha wake, alituacha akiwa na 51. Tumbo moja, siku moja. Tangu msibani sipati usingizi. Kwenu ikoje?

Bi_Mkubwa: Pole mwaya. Kwetu wanawake wanapita 80, wanaume 70 hawaioni.

Msomaji77: Si kwenu tu, karibu dunia nzima wanawake wanaishi zaidi. Hata Jeanne Calment wa Ufaransa, 1875 hadi 1997, miaka 122, hajapatikana mwenye umri uliothibitishwa aliyemzidi.

Mzee_Jabali: Umri anapanga Mungu. Babu yangu kavuta sigara mpaka 93.

Msomaji77: Shikamoo mzee. Babu unamtaja kwa sababu alibaki. Aliovuta nao je? Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa tangu 1951, wavutaji wakapoteza wastani wa miaka 10. Walioacha wakiwa na 50 waliokoa kama miaka 6 kati ya hiyo.

Mzee_Jabali: Marahaba. Babu yangu hakuwa Mwingereza.

Bi_Mkubwa: Jamani, mwenzetu ana msiba! Nyota, baba aliumwa nini?

Nyota_Njema: Presha. Na hakuna aliyejua. Alinisindikiza kliniki nina kidonda mguuni, nesi akamwambia na wewe mzee lete mkono. Akafunga kile kitambaa, akabonyeza mpira, akatazama mshale. Akafungua, akahamia mkono wa pili, akabonyeza tena. Kisha akatoka kumwita daktari bila kusema neno. 220 kwa 130. Baba akasema mashine mbovu, mbona nabeba gunia? Vidonge alimeza wiki mbili, akajiona mzima, akaacha. Miezi minne baadaye nilimkuta bafuni, bomba linamwaga maji, mdomo umeenda upande, ananitazama tu. Siku tatu, basi. Baba mdogo akaenda kupima baada ya mazishi, naye anayo. Akameza dawa kila asubuhi miaka 37.

Bi_Mkubwa: Nimelia.

Kimya_Kimya: Mimi nimeacha zangu mwezi wa pili huu. Sijisikii vibaya.

Mzee_Jabali: Punguza chumvi, tembea. Vidonge vinaua figo.

Msomaji77: Mzee, hapana! Presha yenyewe ndiyo inaua figo. Chumvi apunguze, atembee, na dawa ameze.

Nyota_Njema: Kimya, nakuomba kama ndugu. Kesho asubuhi kapime.

Kimya_Kimya: Nimetoka kupima. 190 kwa 115. Nesi amerudia mkono wa pili.