App za kuripoti mashimo na chemba mbovu, zinasaidia kweli au tunamaliza bando tu?

MkaziWaMbagala: Habari za mchana wakuu. Mtaani kwetu kuna chemba haina mfuniko, ipo kwenye kona watoto wanapopita kwenda shule, watu wameisimamishia tairi na tawi la mwarobaini iwe alama. Nikaripoti kwenye app ya ofisi moja (siitaji), picha nikapiga, lokesheni nikatuma, nikaletewa "taarifa yako imepokelewa" na namba juu, basi, kimya mpaka leo. Hivi kuna nchi hizi app zinafanya kazi kweli au kote ni mapambo?

Msela_Ughaibuni: Mkuu huku Uingereza ipo FixMyStreet toka 2007, na wala haikuanzishwa na serikali, ni taasisi ya kiraia inaitwa mySociety. Unabandika alama kwenye ramani, yenyewe inatafuta pale ni halmashauri gani inawatumia. Utamu wake ripoti inabaki wazi kila mtu anaiona, halafu baada ya wiki nne unaulizwa wametengeneza au bado. Sasa hiyo yako imeingia ofisini ikafungiwa humo humo, nani atajua wamelala? Mashimo huku yapo tele usidhani ni peponi, ila aibu inakuwa ya hadharani.

fundi_mchundo: Swali la kwanza hiyo chemba ya nani? Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaani TARURA toka 2017, ila chemba yenyewe inaweza ikawa ya majitaka, hapo ni DAWASA, au ya kampuni ya simu kabisa. Nenda kasome mifuniko ya chemba za jirani imeandikwa nini. App isiyojua mwenye mali ni tarishi asiyejua nyumba. Na msiseme ramani hatuna, kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar walizunguka na mradi wa Ramani Huria wakachora mpaka mitaro, ipo OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni, bure.

Bi_Kitochi: Wenye kitochi mnatusahau kila siku. Boston kule Marekani walikuja na Street Bump, simu ikiwa kwenye gari inahisi mtikisiko inaripoti shimo yenyewe, wewe hugusi kitu. Safi, ila wenye simu janja ni wenye hela, kwa hiyo mitaa ya wazee na maskini ingeonekana haina shimo hata moja!! Na huku kwetu si ingehesabu matuta yote hahaha. Mimi naenda kwa mwenyekiti wa mtaa na barua, nabaki na kopi iliyogongwa muhuri.

MkaziWaMbagala: Fundi umenifungua macho, jioni napita kusoma mifuniko. Picha naiweka hapa hapa kila mtu aione.

fundi_mchundo: Weka na jina la mtaa kiongozi, sio "karibu na kwa Mangi".