Kishikwambi kimoja, wanafunzi 87: mnakitumiaje darasani?

Mwalimu wa Darasa la Tano:
Walimu wenzangu, habari za kazi. Vishikwambi vilivyotumika hapa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, nami ni miongoni mwa waliopokea. Shule yetu iko kijijini na haina umeme, hivyo nachaji dukani kwa jirani mwenye sola. Nikitaka kuwaonyesha wanafunzi mchoro wa moyo, hukiinua kifaa na kupita nacho kati ya madawati, huku walioketi nyuma wakipanda juu ya benchi ili waone. Kabla sijawafikia wote, dakika 40 za kipindi zimekwisha. Ninyi mlio mbali na mji mnafanyaje?

Mwalimu wa Lindi:
Pole na kazi, mwalimu mwenzangu. Mimi niliacha kukigeuza kishikwambi kuwa ubao. Jumamosi nikienda mjini napakua vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa bando langu mwenyewe, kisha wiki nzima naandaa andalio la somo bila kuhitaji mtandao. Mchoro nauchora usiku kwenye karatasi ya manila huku nikiutazama kwenye kioo cha kishikwambi, na asubuhi darasa zima linauona kwa pamoja. Wapo wanaosema huko ni kurudi nyuma. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Jirani wa Taita Taveta:
Salamu kutoka Kenya. Huku serikali ilianza mwaka 2016 kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na shule nyingi zilivutiwa umeme kwa ajili hiyo. Hata hivyo, katika shule niliyofundisha vilifungiwa stoo, kwa kuwa aliyetia sahihi ya kuvipokea alijua kwamba kimoja kikipotea au kikivunjika, yeye ndiye atakayeulizwa. Tulipokuja kuvitoa, betri nyingi zilikuwa hazishiki tena chaji. Kwa maoni yangu, hofu ya sahihi ile ilituzuia kuliko ukosefu wa mtandao.

Mwalimu wa Darasa la Tano:
Nawashukuru sana. Hilo la sahihi limenigusa, kwani hata mimi sijawahi kumruhusu mtoto yeyote akishike. Hukifuta vumbi, nikakirudisha kwenye mkoba. Jumatatu nitabandika manila ukutani, kisha niwaite watano watano mezani wakuze mchoro kwa vidole vyao wenyewe. Kabla ya hapo nitamwomba mwalimu mkuu tukubaliane kwa maandishi itakuwaje kikidondoka mikononi mwa mtoto.