Mnaotuma mshahara wa dada wa kazi kwa "shangazi yake" hapa Dodoma, someni hii

Jamani, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira ya wiki tatu, mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nimeibiwa 370,000 ndani ya nyumba yangu hapa Ilazo. Aliyechukua ni dada wa kazi, amekiri mwenyewe. Ila mtu ninayemtaka mbele yangu si huyo dada. Namtaka dalali aliyemleta. Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, mtaona kwa nini.

Mimi na mume wangu ni watumishi, tulihamia Dodoma ofisi zilipohamishwa kutoka Dar. Kazi yangu iko Mtumba. Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, narudi giza limeshaingia. Watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu. Dada niliyekuwa naye aliolewa mwezi wa pili, nikabaki naomba ruhusa kazini kila siku mpaka bosi wangu akawa hajibu salamu. Mama mmoja wa kanisani akanipa namba ya dalali, mwanamke anayekaa maeneo ya Majengo. Akasema huyu ndiye anayeletea watu wote.

Dalali alitaka 40,000 yake na 15,000 ya nauli ya binti. Nikatuma siku hiyo hiyo. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu akaja naye. Nitamwita Binti, jina lake halina kazi hapa. Nguo zake zote kwenye mfuko wa salfeti, na kifuko cha mlenda mkavu ambao mama yake alimpa amletee mwenye nyumba. Alisema ana miaka 19. Kitambulisho cha NIDA hana, barua ya mtendaji wa kijiji anayo, huko Mpwapwa, na muhuri umegongwa. Chini ya barua kulikuwa na namba ya simu ya mtendaji. Sikuipiga. Nilikuwa nimechoka, nilitaka mtu wa kubaki na mtoto kesho yake asubuhi.

Mshahara tukakubaliana 80,000, anakula na kulala kwangu. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilitaja 60,000 kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, kwa hiyo nilijiona nimemtendea haki kabisa. Nasema "tukakubaliana", lakini waliokubaliana ni mimi na dalali. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda anaangalia sakafu, hakuna aliyemuuliza neno.

Dalali akasema mtoto hana simu, hela niwe namtumia shangazi yake wa mjini, ndiye mlezi, atampelekea mama yake kijijini. "Ukimpa mkononi ataharibika, hawa wanadanganywa na bodaboda." Akanipa namba. Mara ya kwanza kutuma likatokea jina la mwanaume. Nikampigia dalali kuuliza, akajibu laini imesajiliwa na mtoto wa shangazi. Nikatuma. Kila tarehe mbili, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa saba, 80,000. Mara nne. 320,000. Shikeni hiyo hesabu.

Kazi alikuwa anaijua. Mnajua maji yetu ya mgao, yanatoka saa nane za usiku. Alikuwa anaamka mwenyewe kujaza mapipa bila kuambiwa na mtu. Mwanangu mdogo alikuwa anamlilia yeye akienda tu gengeni.

Mwezi wa tano vitu vikaanza kupungua. Dumu la mafuta ya kula la lita tano, ambalo kwetu linafika mwisho wa mwezi, likaisha siku ya kumi na sita. Sukari vilevile. Mche wa sabuni unaukata vipande vinne, kesho unakuta vitatu. Chenji ya 2,000 niliyoacha juu ya friji haikuonekana tena. Nikaanza kuweka alama kwenye dumu kwa kalamu. Mume wangu akasema mfukuze. Nikamwambia siwezi kumfukuza mtu kwa alama ya kalamu, na watu wanaoingia jikoni kwangu siyo yeye peke yake.

Halafu ikaja hii ya kikoba.

Mimi ni mhazini wa kikoba chetu, kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Lakini wiki ile wanachama kadhaa walikuwa msibani Singida, kikao kikawapita, waliporudi wakaniletea marejesho yao nyumbani, leo huyu kesho yule. Nikayaweka kwenye bahasha ya kaki chini ya vitenge, kabati lenyewe halina hata ufunguo. Hapo kosa ni langu. Wenzangu wameniambia na nimelikubali. Alhamisi usiku niliacha 640,000. Jumamosi asubuhi nikakuta 270,000.

Nilihesabu mara nne nikiwa nimekaa sakafuni chumbani. Kilichonisumbua zaidi ni hizo zilizobaki. Mwizi gani anaikuta bahasha, anahesabu, anaacha 270,000?

Sasa sikilizeni ushauri niliopewa siku hiyo. Mume wangu alitaka kuwaita vijana wa ulinzi shirikishi "wamhoji kidogo". Tunajua wanavyohoji. Mama mkwe kwenye simu akasema kuna mtaalamu anamnywesha mtu dawa, kama ni mwizi tumbo linavimba. Jirani yangu wa nyumba ya pili, ambaye Jumapili tunakaa naye benchi moja, akaniambia mfungie stoo, mnyime chakula, jioni atasema. Akasema hivyo huku ananywa chai yangu. Karani ofisini akipoteza fedha anaandikiwa barua ajieleze, anapewa siku za kujibu. Anayetulelea watoto akihisiwa tu, tunatafuta waya. Mnajiita waungwana?

Mfuko wake sikuupekua. Nilimwita balozi wetu wa nyumba kumi, mama mtu mzima, nikamwomba akae nasi jikoni. Mume wangu nikamwomba atoke na watoto. Nikaweka bahasha mezani. Nikamwambia, "Humu kulikuwa na 640,000. Hakuna atakayekugusa. Nataka ukweli."

Alikaa kimya mpaka balozi akaanza kuguna. Halafu akasema, "Mama, nilichukua ya kwangu."

Ya kwako ipi?

"Mshahara. Miezi minne sijapewa."

Nilihisi mikono inakufa ganzi. Nikatoa simu nikamwonyesha miamala yote minne, tarehe na kiasi. Kusoma anajua, amemaliza la saba. Akasoma lile jina la mwanaume, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Hana shangazi mjini. Shangazi yake aliyekuwa naye alishafariki. Dalali alifika kijijini kwao siku ya mnada, akamwambia mama yake kwamba mshahara utakuwa unatunzwa na bosi, binti atapewa wote pamoja akirudi Krismasi. Kwangu akasema unakwenda kwa shangazi. Na Binti akatishwa kwamba akithubutu kuulizia hela kabla ya wakati, atarudishwa kwao na kudaiwa nauli pamoja na udalali. Mwezi wa saba mama yake akaugua, kaka yake akamfikishia habari kupitia simu ya muuza genge. Ijumaa ile akatoa kwenye bahasha, akaenda kwa wakala wa pale kona, akatuma.

Balozi akamuuliza kuhusu mafuta na sukari. Akakubali. Alikuwa anayatia kwenye chupa za soda anamuuzia mama wa vitumbua. Kwa nini? Hakuniangalia mimi, alimwangalia balozi, akasema taratibu kwamba alikuwa ananunulia pedi.

Mimi ni mwanamke. Pedi zimejaa kwenye droo yangu. Miezi minne sikuwahi kumuuliza, kwa sababu kichwani mwangu alikuwa na mshahara. Hili linaniuma kuliko zile hela.

Msinielewe vibaya. Kuchukua kitu cha mtu bila kumwambia ni wizi, na hela ile haikuwa hata yangu, ilikuwa ya wanawake wenzangu wanaouza nyanya na kushona nguo. Nilimwambia hivyo mbele ya balozi. Nikamwambia ungeniuliza. Akajibu, "Ningekuuliza, ungempigia yule mama." Ni kweli. Ningempigia dakika hiyo hiyo. Tena 320,000 na 370,000 hazilingani. Kuhusu ile hamsini iliyozidi alinyamaza, na mpaka leo sijapata jibu.

Nikampigia dalali hapo hapo, nikaweka sauti kubwa balozi asikie. Kwanza akakana. Nilipomsomea tarehe za miamala akageuza, eti hayo ni makato ya kumtoa binti kijijini na kumtafutia kazi. Makato gani, wakati nimekulipa 55,000 mkononi mwako? Miezi minne mizima mtoto wa watu hajashika hata mia! Akasema kama ameiba mpeleke polisi, yeye hahusiki na tabia za watu. Akakata. Nikipiga tena hapatikani, amenizuia.

Polisi nilikwenda, kituo sikitaji. Askari wa kwanza akashauri binti awekwe ndani ili ndugu zake wachange hela waje. Nikamwambia mwenye kushtakiwa hapa ni dalali. Akaniuliza, "Sasa mama, umekuja kushtaki au kutetea?" Nikaomba Dawati la Jinsia na Watoto. Pale askari wa kike alitusikiliza, akaandika maelezo yangu na ya Binti kila mtu peke yake, nikampa na taarifa ya miamala. Ni wiki tatu sasa. Nikipiga, mpelelezi yuko nje. Namba ya simu mnayo, na jina lililosajiliwa mnalo. Kinachotafutwa huko nje ni nini?

Kuna ambao tayari mnaandaa kuniambia ningekata kwenye mshahara wake yakaisha. Nimelazimika kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 usiku wa manane. Mshahara analipwa mfanyakazi mwenyewe, taslimu, au kwenye akaunti aliyoitaja yeye kwa maandishi. Siyo kwa dalali, siyo kwa shangazi. Kwa hiyo mbele ya sheria mimi nilikuwa sijamlipa, na hilo nalibeba. Hata mfanyakazi akikusababishia hasara, lazima apewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato hayazidi robo ya mshahara wake. Na hawa wanaojiita mawakala wa ajira wanatakiwa wawe wamesajiliwa. Huyu ofisi yake ni simu mbili na baraza la nyumba. Kumtoa binti kijijini kwa uongo na kula jasho lake ni jambo linalogusa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, nililisema hilo dawatini na likaandikwa.

Binti amerudi kwao. Alitaka mwenyewe kwenda kumuuguza mama yake. Nilimpeleka stendi ya Nanenane nikamkatia tiketi, mwanangu akalia njia nzima ya kurudi. Kikoba nimewalipa 370,000 yote, nimekopa kazini. Maana yake mshahara wa Binti nimeulipa mara mbili, mara ya kwanza ukaliwa na mtu ambaye hajawahi kumfulia mwanangu hata soksi.

Jumapili iliyopita nikamweleza yule jirani wa stoo. Kumbe dada wake naye kaletwa na dalali huyu huyu, ana miezi miwili. Nikamwomba afungue simu yake tu, anionyeshe anatuma wapi. Akafungua. Namba ile ile. Jina lile lile la mwanaume. Tarehe mbili ametuma 70,000. Nikamwambia mwite binti sasa hivi umuulize kama ana shangazi mjini. Akafunga simu, akasema, "Wa kwangu haibi." Binti alikuwa uani anaanika nguo, anatusikia.

Dalali, huku watu wako wanasoma, watakufikishia. Nataka 320,000 yangu. Namba ya jalada ninayo, balozi alikusikia ukikiri makato, na Jumatatu naomba ruhusa tena kazini, nakwenda ofisi ya kazi. Na wewe uliye Dodoma unayemtumia "shangazi" mshahara kwa namba uliyopewa na mama wa Majengo, jina likitokea la mwanaume, nitafute kwenye ujumbe wa faragha tulinganishe namba kabla ya tarehe mbili.