Kitambaa cha kale cha kujifunzia darizi: tarakimu ya mwaka imefumuliwa, nitamjuaje aliyekishona?

Mama_Upanga
Habari zenu wakuu. Nina kitambaa cha kitani kilichodariziwa kwa mkono, kama sentimita 32 kwa 40, kiko kwenye fremu ya mbao. Juu kuna safu tatu za herufi na tarakimu 1 hadi 10; chini nyumba, miti miwili na ndege, kisha jina la msichana wa Kiingereza na maneno kwamba alikimaliza akiwa na miaka 10. Mwaka unasomeka 18_8. Tarakimu ya tatu imefumuliwa, vimebaki vitundu tu. Nyuzi nyeusi za miti zinapukutika, nyekundu ziko imara, na pembezoni pote kuna zambarau. Mbao ya nyuma imeacha mistari ya kahawia. Nitajuaje mwaka wake na habari za mtoto huyu? Na nikitunzeje kwa unyevu huu wa Dar? Fundi fremu Kariakoo anasema kifuliwe kwanza kwa sabuni laini.

Darizi_na_Kitani
Dada, kisifuliwe. Nyuzi nyeusi na za kahawia za zamani zilikolezwa rangi kwa chuma, na chuma hicho ndicho kinachokula uzi wake mpaka ukawa unga. Ukilowesha, zilizobaki zinaondoka na maji. Nyekundu nayo ikichuja, kitani chote kinageuka waridi na hakuna wa kukirudisha.

Kitoe kwenye fremu, kilaze kifudifudi juu ya bafta safi, usome mgongo. Huko mwanga haukufika, utaziona rangi alizozichagua mwenyewe. Halafu angalia mikia ya nyuzi: zambarau ikipita chini ya mkia wa nyekundu, ilishonwa kwanza, basi si kiraka cha baadaye. Hili lina uzito kwa sababu zambarau ya kwanza ya maabara ilipatikana mwaka 1856, kwa William Perkin wa London. Lakini kabla ya hapo walipata zambarau kwa kuchanganya nili na nyekundu ya wadudu, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Tarakimu nayo usiikisie. Zima taa, mulika tochi kutoka pembeni, piga picha vitundu, kisha vilinganishe na tarakimu zake mwenyewe kwenye ile safu ya 1 hadi 10. Kila mtoto alikuwa na umbo lake la 3 na la 5. Baadhi ya wanawake walifumua mwaka walipokua, watu wasijue umri wao.

Pembe_ya_Ilala
Naongezea upande wa utunzaji, maana hapa ndipo vitu vinapoharibikia.

Tupa ile mbao ya nyuma, asidi yake ndiyo iliyochora mistari. Kata ubao wa karatasi usio na asidi, uvike marekani uliofuliwa mara mbili kwa maji ya moto hadi wanga wote utoke (wanga unaita wadudu). Kishikize kwa uzi mwembamba wa pamba kwenye kingo tupu, sindano ipite katikati ya nyuzi za kitani bila kuzichoma, kila baada ya sentimita moja. Gundi, selotepu na pini za stepla, hapana. Kioo kisiguse darizi: weka kipande cha kuachanisha cha milimita 5, la sivyo masika yakija jasho la kioo linaleta ukungu.

Kama kuna nondo, kifunge kwa bafta, kisha plastiki mbili zilizotolewa hewa, friza nyuzijoto 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika na barafu ikaanza kuyeyuka, hesabu upya tangu mwanzo. Ukikitoa, usifungue plastiki hadi saa 24 zipite, ili umande ushike nje yake badala ya juu ya darizi. Vumbi livutwe kwa mashine ya nguvu ndogo kupitia neti ya shela. Chandarua chenye dawa hakifai.

Kitundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha. AC ya kuwasha mchana na kuzima usiku ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwani kitani kinavimba na kusinyaa kila siku.

Mama_Upanga
Asanteni sana. Nimetazama mgongo: zambarau inapita chini ya nyekundu sehemu nne. Vitundu vya tarakimu vina mstari ulionyooka juu, kisha vinashuka upande wa kushoto. Vinafanana na 5 ya safu yake.

Darizi_na_Kitani
Basi ni 1858, na hii inakurahisishia kazi. Alizaliwa kati ya 1847 na 1848. Uingereza na Wales zilianza kusajili vizazi serikalini tarehe 1 Julai 1837. Ingekuwa 1838, angekuwa amezaliwa kabla ya hapo na ungebaki na daftari za ubatizo za parokia. Sasa tafuta cheti cha kuzaliwa: kina kazi ya baba na jina la ukoo la mama. Sensa ya 1851 itamwonesha akiwa na miaka 2 hadi 4 pamoja na parokia alikozaliwa, na ya 1861 itasema kama bado yuko shule au ameshaingia utumishi wa ndani. Akipotea baada ya hapo, angalia ndoa kwanza, huenda ni jina tu lililobadilika.

Usitegemee kitambaa chenyewe kikueleze maisha yake. Elizabeth Parker wa Sussex, miaka ya 1830, aliyasimulia yake kwa hariri nyekundu na mshono wa msalaba hadi sentensi ya mwisho ikakatika katikati. Kiko makumbusho ya Victoria and Albert, London. Wa namna hiyo ni wachache mno. Safu za herufi na namba kama zako zilikuwa mafunzo ya kazi: binti aliyezijua aliweza kutia alama mashuka ya tajiri wake, yasipotee kwa dobi. Nyumba na ndege ni mapambo, ila kwa hayo pekee usiamue kama kwao walikuwa na uwezo.

Kabla ya kukirudisha kwenye fremu, piga picha mgongo mzima, sehemu kwa sehemu, na rula pembeni. Ukishafunika, hutauona tena kwa miaka mingi.