Baiskeli siku tatu bila honi za malori: Pugu, Kigamboni au Usambara?

Mkazi wa Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Sabasaba hii tuko watu wanne, tunataka siku tatu za baiskeli. Zote ni za gia, mtumba wa Kariakoo, ila ziko imara. Watatu tumezoea. Wa nne ni mke wangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni Coco Beach na kurudi, tena Jumapili asubuhi.

Tunachotafuta: vilima, vijiji vyenye historia, na magari machache iwezekanavyo. Mimi Barabara ya Morogoro imenishinda, lori likipiga honi nyuma yangu naona nimeshakufa. Bagamoyo nimeifuta mwenyewe. Magofu ya Kaole nayapenda, lakini kule ni tambarare, na mpaka uipite Bunju umeshavuta moshi wa mwaka mzima.

Nimebaki na tatu: (1) Pugu, Kisarawe hadi Maneromango, (2) Kigamboni kwa vijiji vya pwani, (3) milima ya Usambara, Lushoto hadi Mtae. Waliopita huko wanipe ukweli, si picha za Instagram.

Fundi Spoki
Anza nyumbani, mkuu. Pugu.

Kosa la wengi ni kuendesha kutoka mjini. Usijaribu. Kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, baiskeli nne zinaingia zikilazwa vizuri, mshukie Pugu saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia hapo ni msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Upo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kuna kiingilio, mlipe getini msianze kubishana. Ndani kuna njia za udongo, bwawa la Minaki, na yale mahandaki ya mgodi wa zamani wa kaolini ambayo sasa wenyeji wake ni popo. Ingia na tochi na uzibe pua.

Historia ipo ya kutosha. Pugu sekondari ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 akaingia siasa moja kwa moja. Vilima si vya kutisha, ila ni vingi: unashuka, unapanda, unashuka, unapanda. Kufika Kisarawe mapaja yanaongea. Maneromango ni mbele zaidi, vijiji vya Wazaramo, minazi na mikorosho, na misheni ya Kilutheri ya tangu enzi za Mjerumani.

Ubaya wake: barabara kuu ya kijiji ina bodaboda wanaokimbia kama wamebeba damu ya mgonjwa. Tafuteni njia za pembeni, muulize wazee, msiwaulize vijana. Kijana atakuelekeza njia ya pikipiki.

Bint Mbwamaji
Msiidharau Kigamboni jamani. Mnapanda pantoni Magogoni na baiskeli zenu, dakika chache mko ng'ambo. Mjimwema, kisha Gezaulole. Jina lenyewe ni Kizaramo, "jaribu uone", kijiji cha Ujamaa kile. Na pembeni yake ndipo ilipo Mbwamaji, mji wa kale wa Waswahili, msikiti na makaburi ya mawe yapo hadi leo. Watu wanapita kwenda ufukweni kula samaki, hawageuzi hata shingo.

Lakini nisiwe mwongo: kilima hakuna. Ukipata mwinuko huko, ni wa kokoto zilizomwagwa na mtu anayejenga. Na ukishaelekea Kimbiji kwa njia za ndani, mchanga. Tairi nyembamba zinazama, mnashuka mnasukuma. Kwa shemeji anayejifunza ni siku moja nzuri sana. Siku tatu, hapana.

Msambaa wa Mbezi
Mmeniacha nisome kimya muda mrefu.

Mkuu umesema vilima, vijiji vya kale, magari machache. Hayo yote matatu kwa pamoja yapo Usambara tu. Hebu nikueleze kwa utaratibu maana nimezaliwa huko na nimepita na baiskeli mara nne.

Basi linaondoka stendi ya Magufuli. Baiskeli zinaingia kwenye buti, elewana na konda KABLA ya kupakia. Mimi niliwahi kupakia kwanza, tulipofika Segera bei ikawa imepanda mara mbili na baiskeli yangu iko chini ya magunia. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 za lami, na unapanda takribani mita elfu moja kwenda juu. Usimpandishe mkeo hapo. Kaeni kwenye basi hadi Lushoto mjini, lala, amka na baridi. Mwezi wa saba baridi ya kule si ya mchezo, bebeni makoti. Watu wa Dar mnafika na fulana mnaanza kulaumu serikali.

Siku ya kwanza fanyeni mzunguko mfupi tu: Irente, pale mwamba unapokatika ghafla na nyika ya Mombo ipo chini kama mkeka. Siku ya pili ndiyo safari. Kupandisha Magamba ni kwenye msitu, kimya kitupu, unasikia cheni yako mwenyewe. Halafu Lukozi, halafu mgongo wa mlima hadi Mtae. Jumla kilometa kama 60, nyingi za vumbi, na wepesi wa ramani usikudanganye. Mtae imekaa kwenye ncha ya mlima, nyumba zimejipanga ukingoni, huku bonde na huku bonde. Asubuhi kukiwa kweupe unaona nyika ya Mkomazi yote.

Mkipata nafasi pindeni Mlalo. Misheni ilianza pale 1891, na kuna nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao zilizochongwa. Na kama mna hamu ya historia ya wenyewe, Vuga ndiyo ilikuwa makao ya Wakilindi, ukoo wa Kimweri uliotawala Wasambaa. Ila Vuga iko upande wa Soni, haikai kwenye njia hii. Msilazimishe.

Magari: yapo machache, lakini jueni saa zake. Alasiri hadi usiku malori ya mboga yanashuka kuja Dar, kabichi na karoti mnazokula huko ndizo hizo. Barabara ni nyembamba. Saa nane mchana muwe mmefika mnapolala.

Chai ya Rangi
Nilienda Mtae na helmeti kichwani. Watoto njia nzima: "Mzungu! Mzungu!" Mimi ni Mndengereko wa Rufiji, mweusi tii.

Mwanafunzi wa Zamani
Kwa faida ya uzi. Nilipokuwa Hispania nilipita njia inaitwa Vía Verde de la Sierra, kule Andalusia, kutoka Olvera hadi Puerto Serrano. Ni reli iliyojengwa isikamilike, wakaigeuza ya baiskeli na waenda kwa miguu. Kilometa 36, mahandaki 30, gari hakuna kabisa, na kwa kuwa ni reli mwinuko ni wa taratibu, hata bibi anapanda. Vijiji vyeupe juu ya vilima pande zote.

Nasema hivi kwa sababu mkuu anatafuta kitu kama hicho na kwetu hakipo. Kwetu gari linakosekana kwa sababu barabara ni mbaya. Kwa hiyo ukitaka utulivu utaulipia kwa mawe na makorongo. Kwa kipimo hicho Usambara inashinda, lakini shemeji aambiwe ukweli mapema.

Fundi Spoki
Hapo umenena. Na nani kasema habari za breki? Hakuna! Mnaongelea kupanda tu. Nimeshuka Lushoto hadi Mombo na raba za breki za zamani, kufika Soni rimu zilikuwa za moto huwezi kugusa. Tukasimama kwenye maporomoko si kwa ajili ya picha, kwa ajili ya maji. Raba mpya mbele na nyuma, tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, spana. Na shuka kwa kubonyeza na kuachia, usining'inie kwenye breki.

Mkazi wa Tabata
Wakuu asanteni. Mama watoto kausoma uzi wote jana usiku, hakuniambia. Asubuhi kaniuliza, "Huyo bibi wa Hispania ana umri gani?" Kachagua Mtae.

Tumekubaliana hivi: Jumamosi mbili kabla ya Sabasaba tunakwenda Pugu hadi Kisarawe kumpima, na kirikuu kinatusubiri kule. Akimaliza bila kusukuma zaidi ya mara tatu, tunakata tiketi. Akishindwa, tunapanda pantoni kwenda Gezaulole na yeye ndiye atalipia samaki. Sharti ni lake mwenyewe.

Bint Mbwamaji
Mwambie namwombea ashindwe kidogo tu 😄

Fundi Spoki
Leteni baiskeli Buguruni Alhamisi, zote nne. Ya shemeji niione kwanza.